BBJ ya 737-700: pima uzito kwanza, fanicha baadaye

Kwa uzoefu wangu, Boeing Business Jet (BBJ) ya mwanzo, yaani 737 ya abiria iliyogeuzwa ndege binafsi, yenye kiwiliwili cha 737-700 na mabawa na magurudumu ya 737-800, ni ndege bora kwa safari ndefu, mradi mnunuzi apige hesabu ya uzito kabla ya kuchagua rangi ya ngozi za viti.

Uzito wa juu wa kuruka ni kama kilo 77,560. 737 ya kawaida hubeba mafuta lita 26,000 hivi. BBJ ikifungwa matangi tisa ya ziada tumboni hufika lita 40,500, ambazo ni takriban kilo 32,400. Zinabaki kilo 45,000 na kidogo, na humo ndimo iingie ndege yenyewe, vitanda, bafu, maji ya kuoga, jiko, wahudumu, abiria na mabegi yao. Ukijaza marumaru na mbao nzito, rubani hana ujanja ila kupunguza mafuta, na ile safari ya zaidi ya kilomita 11,000 uliyoahidiwa itahitaji kituo cha kujaza njiani. Matangi hayo nayo hula nafasi ya mizigo. Kwa hiyo anayenunua iliyotumika adai karatasi ya mizani iliyotolewa baada ya fanicha kufungwa. Namba za kiwandani hazimfai, kwa sababu ndege hizi hutoka Boeing zikiwa tupu ndani na kupambwa kwingine.

Jambo jingine la kuzingatia: 737 haina mfumo wa kumwaga mafuta angani. Uzito wa juu wa kutua ni kama kilo 60,800. Hitilafu ikitokea mara tu baada ya kupaa na matangi yamejaa, ama mtazunguka mkichoma mafuta, ama mtatua na uzito uliozidi, kisha mafundi wakague ndege kabla haijaruka tena.

Ndani ndipo inaponifurahisha. Sakafu ni mita za mraba 75 hivi, upana karibu mita 3.5, watu wanapishana bila kugusana. Hewa hukauka sana kwenye safari ndefu, na mashine ya unyevu husaidia koo na ngozi. Lakini mvuke huo huganda kwenye bati baridi nyuma ya paneli, ukalowesha sufi ya kuzuia baridi na kuleta kutu. Paneli zifunguliwe na sufi ishikwe kwa mkono kila ukaguzi mkubwa.

Matengenezo ya injini za CFM56 na mwili hayasumbui. Mafundi wa 737 wapo kila bara. Shida ni vipuri vya kabini: bawaba ya kabati au swichi ya taa iliyotengenezwa kwa ndege moja tu haina akiba popote. Agizeni vya ziada pamoja na ndege.

Viwanja navyo vina masharti. Teterboro, karibu na New York, kikomo cha uzito ni pauni 100,000, yaani kama kilo 45,000, kwa hiyo BBJ haiingii. Uwanja mdogo ukikubali, uliza mapema kama wana fimbo ya kukokotea 737 ardhini.