TAHADHARI: Fundi wa plasta za fremu anayezunguka Utawala na Ruai

Ndugu zangu mnaojenga Utawala, Ruai hadi Kamulu, huku mashariki mwa Nairobi, kuna fundi anayepita kwenye mijengo akijiita bingwa wa kumalizia plasta kwenye fremu za milango. Simu yake imejaa picha safi za nyumba za watu. Bei yake iko chini, anataka nusu kwa M-Pesa kabla hajashika mwiko, na jina linalotokea ukituma pesa si lile analojitambulisha nalo.

Kinachoniuma zaidi ni alichoficha. Kati ya fremu na mawe huwa kuna mwanya, nao hujazwa saruji na mchanga na kushindiliwa hadi ndani. Huyu alisokomeza makaratasi ya mifuko ya saruji, akapitisha plasta nyembamba juu na kuilainisha vizuri sana. Tulipoanza kutumia milango, kila ukibamizwa kipande kilidondoka, mpaka nikayasoma maandishi ya mfuko ndani ya ukuta wangu.

Na fremu zenyewe ni za mahogani! Hakuzifunika hata kwa nailoni. Saruji mbichi ni kali, huacha madoa kwenye mbao ngumu, na maji yake huzivimbisha. Zikikauka hunywea, ndipo ufa unashuka kando ya fremu kutoka juu hadi sakafuni. Madoa aliyapaka vanishi. Nilipouliza kuhusu ufa akanijibu, "Mathe, nyumba mpya lazima ikae kwanza." Baada ya hapo hakushika simu tena.

Fundi anayejua kazi hufunika mbao kwanza, hulowesha ukuta, hupima kwa pima maji na kuvuta plasta kwa ubao mnyoofu mpaka ilingane na uso wa fremu. Kisha, kabla haijashika, hukata mfereji mwembamba kwa ncha ya mwiko pale plasta inapokutana na mbao. Baadaye unapigiliwa ule ubao wa urembo juu yake, kwa hiyo hata mbao ikinywea ufa hauonekani. Mwulize fundi wako kuhusu mfereji huo kabla hamjapatana bei. Akibabaika, mwache aende.

Picha za simu zisikutoshe, omba kupelekwa kwenye nyumba aliyoifanya uzungumze na mwenyewe. Salio usilitoe plasta ikiwa bado mbichi. Ikikauka, gonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka fremu yote, na ikilia kama debe tupu, ifunguliwe ukiwa hapo. Vanishi isiguse mbao kabla hujazikagua.

Kama tayari amekupata, usifute ujumbe wa M-Pesa. Piga picha kabla ya kubomoa, kisha uripoti polisi upewe namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Mahakama ya Madai Madogo hapa Milimani husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Mimi ninaandaa madai yangu. Aliyefanyiwa kazi na jamaa huyu aniandikie kando, tulinganishe namba alizotumia.