Chupa ya chai ya chuma, lita moja: miezi minane kwenye injini na mume wangu

Mume wangu ni dereva wa treni ya mizigo, reli ya TAZARA, na tunakaa Iyunga, Mbeya. Simu ya kazi inaweza kuingia saa saba usiku. Nabandika chai ya tangawizi huku yeye anavaa. Kwa hiyo chupa ya chai kwangu si kitu cha kununua ilimradi.

Ya kwanza ilikuwa ya plastiki yenye kioo ndani. Ilipasuka kwa mtikisiko wa injini kabla hajafika Makambako. Niliposikia vipande vikichezacheza ndani nililia, maana angeweza kuvimeza.

Hii ya chuma nimeinunua soko la Mwanjelwa, shilingi 35,000. Naisuuza kwa maji ya moto, namimina chai ikichemka, nafunga saa nane usiku. Anasema saa nne asubuhi bado anaipuliza, hata kwenye baridi ya mwezi wa saba. Jioni ni vuguvugu tu, kwa hiyo msiamini yale maandishi ya saa 24 kwenye boksi.

Kasoro ni mpira wa kifuniko. Unashika maziwa, na usipouchomoa na kuusugua, safari inayofuata chai inanuka. Mimi nautoa kwa ncha ya kijiko mchana, polepole, yeye akiwa amelala na watoto nimewatuma nje.

Nimeshaagiza nyingine, ya uji.