Hanoi kwa urefu wa kiti: kahawa, kinyozi, bia na karaoke

Mtu akiniuliza Hanoi pazuri pa kula ni wapi, nami humuuliza kwanza: magoti yako yakoje? Sitanii. Jiji hili limekaa chini. Viti vyake vya plastiki, vyekundu au vya buluu, ni vifupi kama mbuzi ya kukunia nazi, na meza mara nyingi ni kiti kingine kilichozidi kimo kidogo tu. Mimi ni mtu wa Voi, futi sita na ushee, nafundisha Kiingereza huku Vietnam, na siku hizi sihangaiki tena na nyota ambazo watalii huzipa migahawa mtandaoni. Natazama kiti. Kikiwa kirefu na kina mto, jua bei imepanda na supu imepoa. Kikiwa kifupi hata magoti yanakaribia masikio, kaa, agiza.

Kuna mahali ambapo kila Mkenya akifika Hanoi hupelekwa, atake asitake. Ni mgahawa wa Hương Liên, mtaa wa Lê Văn Hưu. Mei 2016 Barack Obama, akiwa bado rais, aliketi hapo na Anthony Bourdain, yule mpishi wa televisheni, wakala bún chả na kunywa bia ya chupa. Bili ilikuwa dola 6, na Bourdain ndiye aliyelipa. Wenye mgahawa hawakufanya ajizi: meza ile wameifungia ndani ya sanduku la kioo, pamoja na viti, bakuli na chupa zake, na ukutani ni picha za mgeni wao. Hata kwenye menyu kuna mlo unaoitwa Combo Obama.

Walimu wenzangu walinipeleka kwa heshima zote, wakanikalisha karibu na kioo. "Ndugu yako," mmoja akamwambia mhudumu, akininyooshea kidole mimi kisha picha. Nikaeleza kwamba baba yake alikuwa mtu wa Siaya, mimi Mtaita, na kwamba kutoka kwetu hadi kwao unaivuka karibu nchi nzima. Mhudumu akatikisa kichwa kwa huruma, kama aliyesikia habari za ugomvi wa urithi, akaniongezea majani. Kilichonivutia zaidi ni kile kiti ndani ya kioo. Ni kile kile cha plastiki, kile kile kifupi. Walinzi wote wale, magari yote yale, na bado mtu alichuchumaa kama sisi.

Chakula chenyewe? Vipande na vibonge vya nguruwe vilivyochomwa kwa mkaa, vinaelea kwenye mchuzi vuguvugu wa samaki, siki na sukari, na pembeni tambi nyeupe za mchele na mlima wa majani mabichi. Kitamu, sikatai. Lakini bún chả ninayoipenda iko uchochoroni, ambapo mama mmoja anapepea mkaa juu ya njia ya miguu na moshi wote unaingia kwenye duka la simu la jirani. Nenda mchana, jioni utakuta ameshaosha masufuria. Ndugu zangu Waislamu, hiki si chenu. Ila mjue kwamba mtaa wa Hàng Lược, mjini kale, kuna msikiti wa Al-Noor uliojengwa 1890 na wafanyabiashara Wahindi, na waumini wake ndio watakaokuelekeza chakula cha halali.

Kahawa sasa. Vietnam ni ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa, nyuma ya Brazili, na nyingi ni robusta, chungu kwelikweli. Mtu aliyezoea kikombe cha kahawa ya dele kule Mombasa hatashtuka na ukali wake. Kitakachomshtua ni yai. Mwaka 1946 maziwa yalikuwa adimu, na Nguyễn Văn Giảng, aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli ya Metropole, akapiga kiini cha yai hadi kikawa povu zito akakiweka juu ya kahawa. Mkahawa wa familia yake bado upo, mtaa wa Nguyễn Hữu Huân, ndani ya kijinjia chembamba unachoweza kukipita bila kukiona. Kikombe huletwa kimekalishwa kwenye bakuli la maji moto ili povu lisipoe. Mara ya kwanza nilichukua kijiko kwa shingo upande, nikidhani nitakula kimanda. Hakuna harufu ya yai hata chembe. Ni utamu mzito juu, uchungu chini, na ukikoroga mapema unaharibu. Kiti: kifupi sana, na kwa kuwa watalii wamejaa, utamkalia mtu wa Korea begani. Nimerudi mara nyingi.

Halafu kuna kinyozi.

Hanoi bado ina vinyozi wa ukutani. Mtu anatundika kioo kwenye ukuta wa taasisi fulani, anafunga turubai juu, anaweka kiti kimoja, kazi imeanza. Na hicho kiti, wallahi, ndicho kirefu pekee mtaani kote, kina mikono na pa kuwekea kichwa. Nilipoketi, mzee mwenye kiti, wa umri wa babu yangu, alinizunguka polepole. Akagusa nywele kwa kidole kimoja. Akabonyeza, zikarudi. Akabonyeza tena. Kisha akamwita mwenye kijiwe cha chai jirani, naye akaja na wateja wake, kila mmoja akabonyeza na kutoa maoni. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya kichwa changu kikiwa kimenyolewa na kinyozi wangu wa Voi. Aliitazama kwa makini, akavuta miwani puani, akaona inawezekana.

Mashine yake ilizoea nywele zilizolala. Kwangu ilikwenda kidogo, ikakoroma, ikanyamaza. Mzee aliifungua, akaipaka mafuta, akaipulizia, akaijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, akaniangalia kama aliyegundua kwamba shida si ya mashine. Mwishowe akachukua mkasi na kitana, akaninyoa kwa mkono, kipande kwa kipande, huku mwenye chai akisimamia na kuonyesha palipobaki. Ilichukua muda wa kutosha kwa hadhira kubadilika. Kichwa kilitoka sawa mbele. Nyuma kulikuwa na ngazi mbili hivi ambazo wanafunzi wangu walizisoma vizuri kesho yake.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe huduma kamili ina masikio. Alilaza kiti, akavaa taa ya kichwani, ile ile ya wachimba vito kule kwetu Kasigau, akafungua kisanduku cha bati. Ndani kulikuwa na vyuma vyembamba, virefu kama kalamu: kimoja kina kijiko mwishoni kidogo kuliko punje ya mchele, kingine ni koleo, kingine kina kishungi laini cha manyoya. Pikipiki zinapita hatua mbili kutoka kichwani pangu, zikipiga honi, naye ameingiza chuma sikioni. Sikupumua. Alikuwa akichokoa kwa utulivu, akitoa na kuweka alichopata nyuma ya kiganja changu, ili nijionee mwenyewe kwamba halipwi bure. Mwisho akaingiza ule wa manyoya na kuuzungusha kati ya vidole, na hapo, ndugu msomaji, nilisahau jina langu. Daktari yeyote atakuambia usikubali, na nina hakika ana haki. Nililipa dong 50,000 za kunyolewa, karibu shilingi 250 za Kenya, na nyingine juu kwa masikio. Kwa kunyolewa simpendekezi kwa Mwafrika yeyote. Kwa masikio, jiamulie.

Mkilipa, angalieni noti. Ya dong 20,000 na ya 500,000 zote ni za plastiki, zote zina ubuluu, na usiku chini ya taa ya pikipiki zinafanana mno. Zitenge mifuko miwili.

Jioni ni ya bia hơi, na hapa sina upande wowote, naipenda. Ni bia nyepesi, kilevi chake kama asilimia 3, inapikwa kila siku bila dawa za kuihifadhi, inaletwa kwa mapipa, na inatakiwa iishe siku hiyo hiyo. Inanywewa kwa glasi nene za kijani zilizosubuliwa kwa vioo chakavu, zina mapovu ndani ya kioo chenyewe. Watalii hukusanyika Tạ Hiện, ambako vijana wanakuvuta mkono uingie kwao. Nilikaa huko katika baa moja, kiti kirefu, muziki wa kupasua kifua, bili ikaja na kitu ambacho meza nzima haikukiagiza. Sitaitaja. Vuka mitaa michache, tafuta wanaume wa makamo waliokunja fulana hadi kifuani na maganda ya karanga za kuchemsha chini ya meza. Hapo hapo. Watahesabu moja, mbili, tatu, wapige kelele, nawe utainua glasi hata kama hukuwajua dakika moja iliyopita. Watakuuliza umri kabla ya jina, kwa sababu ni lazima wajue wewe ni mdogo wao au kaka yao kabla hawajakusemesha. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa hilo.

Siku moja tukiwa hapo nikaona mama mwenye bia ameinua kichwa. Hakusema neno. Ghafla watu wakasimama, viti vikavutwa, meza zikaingia ndani, na kabla sijaelewa nimebaki nimesimama ukutani na glasi mkononi pamoja na wazee sita, wote tukitazama angani kama watu wanaosubiri basi. Gari la wasimamizi wa mtaa likapita taratibu, kipaza sauti juu, na nyuma yake lilikuwa limebeba viti vya plastiki vya jirani ambaye hakuwahi. Nikacheka peke yangu. Kanjo! Nimekimbia Nairobi, wamenifuata! Likakata kona, na mama akaanza kupanga viti upya kwa namna ya mtu anayefuta meza tu. Bia yangu haikumwagika. Nyota zote tano zimwendee.

Karaoke nimeiweka mwisho kwa kuwa viti vyake ni sofa, na kwa kipimo changu hilo ni onyo. Chumba unalipa kwa saa. Walimu wenzangu walikuwa wameshaamua kwamba Mwafrika lazima aimbe vizuri, na hakuna ushahidi ambao ungewabadilisha nia. Niliimba wimbo wa Kiingereza wa miaka ya themanini kwa sauti ambayo kanisani kwetu ingenitoa kwaya. Mashine ikapiga tarumbeta na kunipa 98. Mwalimu wa muziki, msichana mwenye sauti ya kutoa machozi, akaimba wimbo wa kwao mpaka chumba kikanyamaza. Mashine ikampa 71. Akaniangalia kwa muda mrefu sana.

Ukienda, sahani ya matunda haikuletwa kwa upendo, italipiwa. Karanga pia. Na vile vitambaa baridi vyenye maji, vilivyofungwa kwenye plastiki, ambavyo wenyeji wanavipasua kwa kishindo wakishangilia: kila kimoja kina bei. Jasho lako futa kwa leso yako.