Fimbo ya kuvulia besi kwa bajeti ndogo: uzoefu wangu na Ugly Stik GX2 hapa Texas

Nianze na jibu, kwa sababu wengi wanaoniuliza huwa tayari wako njiani kuelekea dukani. Ukiwa na fedha ya fimbo moja tu ya kuvulia besi, samaki wa maji baridi, chukua fimbo ya spining, ile ambayo rili yake (kifaa cha kukunjia mshipi) huning'inia chini ya mkono. Iwe na urefu wa futi 6 na inchi 6 au futi 7, na juu ya mpini iwe imeandikwa "Medium" na "Fast". Mimi natumia Ugly Stik GX2 ya futi 6 na inchi 6, ya vipande viwili. Niliinunua kwa chini ya dola 60, imekula jua la Texas kwa misimu kadhaa, na bado ndiyo ninayoitoa kwenye buti ya gari kila ninapopata jioni ya nafasi.

Ninaishi kati ya Dallas na Fort Worth na kazi yangu ni ya ghala. Mshahara ukiingia, kwanza inatoka kodi ya nyumba, kisha bima ya gari, kisha cha kutuma nyumbani, na uvuvi unapata kilichobaki. Maduka makubwa ya vifaa vya uvuvi hapa yana ukuta mzima wa fimbo, za dola 20 mpaka zaidi ya dola 500, na kwa mgeni zote zinafanana. Muuzaji akikuona unasitasita atakueleza kwamba kila chambo kina fimbo yake. Hasemi uongo. Wavuvi wa mashindano hupanga fimbo kumi na zaidi kwenye mashua, kila moja imeshafungwa chambo chake. Lakini mtu anayevua akiwa amesimama ukingoni baada ya kazi, mwenye vyambo vya aina mbili tatu mfukoni, ana mahitaji tofauti kabisa, na ndiye ninayemwandikia.

Besi ninayemzungumzia ni yule mwenye mdomo mpana, wa rangi ya kijani na mstari mweusi ubavuni. Wakenya wa upande wa Naivasha wanamjua, maana aliletwa katika ziwa hilo mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa burudani. Tabia yake ndiyo inayoamua fimbo. Si samaki wa kuzurura katikati ya maji akitafuta riziki. Anajibanza chini ya gati, ubavuni mwa gogo au kwenye pindo la majani, anavizia. Ukimnasa, jambo la kwanza analofanya ni kurudi alikotoka, na akiwahi kufika, mshipi wako umeshajizungusha kwenye gogo. Kwa hiyo fimbo lazima iwe na nguvu ya kumgeuza kichwa katika sekunde zile za mwanzo. Papo hapo, ni samaki wa kuruka: anachomoka majini, anaachama na kutikisa kichwa ili aiteme ndoano. Fimbo ngumu isiyopinda humsaidia, kwani mshipi hulegea kila anapogeuka. "Medium" inakupa ile nguvu ya kumgeuza bila kukunyima mpindo wa kumfuata anaporuka.

"Fast" inahusu mahali fimbo inapopinda. Fimbo ya namna hiyo hupinda zaidi sehemu ya juu kuelekea nchani, huku chini ikibaki imara. Umuhimu wake nimeuona kwenye chambo ninachokitegemea kuliko vyote: mnyoo wa mpira wa inchi 5, aina ya Senko. Ndoano naipitisha katikati ya mnyoo, sifungi chubwi, narusha kando ya gati na kuuacha uzame wenyewe. Unashuka umelala, ncha zote mbili zikitetemeka, na besi huuchukua ungali unazama. Mara nyingi mkono hausikii kitu. Unaona tu mshipi umeruka kidogo juu ya maji, au umeanza kutembea kinyume cha upepo. Hapo unazungusha rili mpaka mshipi ukaze, unainua fimbo kwa nguvu moja, na ncha ile inaifikisha nguvu kwenye ndoano bila kuchelewa. Fimbo inayopinda kuanzia mpinini ingekuwa bado inajikunja wakati samaki ameshautema mnyoo. Kwa vyambo vya plagi, vile vigumu vya mfano wa samaki, vyenye ndoano za matawi matatu mambo ni kinyume, fimbo laini zaidi ndiyo bora, ila hiyo ni habari ya mwenye fimbo ya pili.

Ukiwa dukani, tafuta maandishi madogo yaliyo juu kidogo ya mpini kabla hujasoma jina la kampuni. Hapo utakuta uzito wa mshipi kwa ratili na uzito wa chambo kwa aunsi. Kwa besi wa ukingoni mimi nataka fimbo inayokubali mshipi wa ratili 8 hadi 12, na chambo cha kuanzia 1/8 ya aunsi hadi 5/8. Namba hizo zina uzito kuliko neno "Medium" lenyewe, kwa sababu hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, na "Medium" ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kama "Medium Heavy", yaani daraja linalofuata kwa ugumu, ya jirani yake.

Kisha kagua pete. Hapa ndipo fimbo za bei nafuu hutofautiana kwelikweli, na hapa ndipo watu hawatazami. Mimi huenda dukani na kipande cha pamba. Nakipitisha ndani ya kila pete na kukizungusha taratibu; penye ufa au ukwaru, nyuzi za pamba hunasa. Ufa mdogo usioonekana kwa macho hukwangua mshipi kila unaporusha na kila unapovuta, mpaka siku unapobanwa na samaki wa maana mshipi unakatika. Niliwahi kuwa na seti ya bei ya chini kabisa, fimbo na rili pamoja, ambayo kauri ya ndani ya pete ya nchani ilidondoka katika msimu wake wa kwanza. Ukingo wa bati uliobaki ulikuwa kisu. GX2 inalikwepa tatizo hilo kwa namna ninayoipenda: kila pete ni kipande kimoja cha chuma kisichoshika kutu, haina kauri ya kudondoka. Baada ya pamba, weka jicho kwenye kitako cha fimbo utazame mpaka nchani uone kama pete zote ziko kwenye mstari mmoja. Ikiwa ni ya vipande viwili, iunganishe na kuitikisa, kiungo kisigonge. Omba uifunge rili palepale, uone kama parafujo inakaza sawasawa.

Kuhusu malighafi, fimbo nyingi za leo ni za grafaiti, nyingine za faibaglasi, na nyingine mchanganyiko. Grafaiti ni nyepesi na inakuletea habari za chini ya maji mpaka kiganjani, lakini haipendi kugongwa. Jeraha dogo la mlango wa gari linaweza kukaa kimya, kisha fimbo ikavunjika hapohapo wakati wa kumvuta samaki. Faibaglasi ni nzito na laini, ila inavumilia. Ugly Stik, ambayo kampuni ya Shakespeare iliianzisha mwaka 1976, inajulikana kwa mchanganyiko wa hizo mbili, na ncha yake ya faibaglasi utaitambua kwa kuwa inapitisha mwanga.

Nimechagua uvumilivu, na ningewashauri wenzangu wa mfuko mdogo wachague hivyohivyo. Fimbo yetu hailali kwenye kabati lake. Inalala kwenye buti pamoja na jeki, viatu vya kazi na kiti cha mtoto, inakanyagwa gatini na watoto wa watu wengine, inaegemezwa ukutani na kuanguka. Yangu imepitia hayo yote na haina ufa. Sponji ngumu ya mpini haijabanduka, na kiungo cha katikati bado kinashika. Inauzwa pia na dhamana ya miaka 7, jambo lisilo la kawaida kwa fimbo ya bei hiyo.

Udhaifu wake ni uleule unaotokana na malighafi yake. Ni nzito kuliko grafaiti tupu, na ukirusha mfululizo kwa saa nyingi kifundo cha mkono kinakuambia. Ncha ile laini pia haikupi habari zote. Ukiburuta jigi, yaani ndoano yenye kichwa kizito, juu ya mawe, kwa grafaiti unasikia kila jiwe, unajua umetoka kwenye changarawe umeingia kwenye matope. Kwa GX2 unasikia mambo makubwa tu. Kwa mnyoo unaozama bila chubwi hilo halinisumbui, maana natazama mshipi kwa macho. Anayevua kwa kuburuta chini aitazame Berkley Lightning Rod, ambayo ni ya grafaiti na bei yake haiko mbali, mradi awe mtu wa kutunza vitu vyake.

Usimalize fedha yote kwenye fimbo. Ikiwa una dola 100 kwa jumla, nusu iende kwenye fimbo, dola 30 hivi kwenye rili ya spining ya ukubwa wa 2500 au 3000, na zinazobaki zinunue mshipi, ndoano na paketi ya minyoo. Mshipi ninaojaza ni wa nailoni, Trilene XL ya ratili 8. Ni wa bei nafuu, ni laini, hautoki kwenye rili kwa mikunjo, na unavutika kidogo samaki anaporuka. Naubadilisha kila msimu, kwa sababu jua linauchosha hata usipovua. Mshipi mpya kwenye fimbo ya dola 50 utakufaa kuliko mshipi uliochoka kwenye fimbo ya dola 300.

Kwa walioko Texas kuna jambo la kufanya hata kabla ya kununua. Idara ya wanyamapori ya jimbo ina mpango wa kuazimisha vifaa vya uvuvi katika baadhi ya hifadhi na maeneo mengine, fimbo, rili na vifaa vidogo, kama mtu anavyoazima kitabu maktaba, kwa muda wa hadi siku 7. Tena ukivua ukingoni ndani ya hifadhi za jimbo huhitaji leseni. Kiingilio cha hifadhi unalipa kama kawaida. Cedar Hill kwenye Ziwa la Joe Pool ni mojawapo, na iko karibu na sisi tunaoishi huku. Nje ya hifadhi, mwenye umri wa miaka 17 na kuendelea anahitaji leseni, na ya maji baridi kwa mkazi ni dola 30 kwa mwaka, kwa hiyo iweke kwenye hesabu. Maziwa mengi yanaruhusu besi 5 kwa siku, kila mmoja asipungue inchi 14, ila mengine, kama Lake Fork, yana masharti yake, basi soma ubao ulio penye maji.

Niliwahi kumpeleka Joe Pool, na fimbo mbili za kujaribu, rafiki yangu wa Uvira, aliyekulia kwenye mshipi wa mkono Ziwa Tanganyika. Aliishika "Medium Heavy", akaikunja, akasema, "Kaka, hii ndiyo ya mwanamume." Nikamwachia. Alipofunga chambo cha 1/8 ya aunsi, fimbo haikupinda hata kidogo wakati wa kurusha, na chambo kikaanguka hatua chache mbele yake. Alipobadilisha na kuchukua ya "Medium", chambo kilekile kilifika kwenye nguzo za gati la pili. Hakuhitaji maelezo yangu. Kurusha ni kazi ya fimbo kupinda na kujinyoosha, na chambo chepesi hakina uzito wa kuikunja fimbo nene.

Kuhusu vipande viwili, wapo watakaokuambia fimbo ya kipande kimoja ina hisia bora zaidi. Tofauti ni ndogo, na sisi tuna safari za nyumbani. Futi 6 na inchi 6 zikigawanywa ni inchi 39, karibu mita moja. Naziingiza kwenye bomba la PVC lililofungwa vifuniko pande zote mbili, ncha nikiwa nimeizungushia fulana, na linapita kama begi la kawaida kwa vipimo vya mashirika mengi ya ndege. Ya kipande kimoja ingebaki Texas. Kwa anayekwenda Naivasha, fimbo, mshipi na minyoo ileile ni ya samaki yuleyule.

Kitu kimoja cha kuitunza: usimwinue samaki kwa fimbo kutoka majini mpaka juu ya gati. Fimbo ikisimama wima na uzito wote ukining'inia nchani, hata nzuri huvunjika. Mlete karibu, piga goti, mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba. Meno yake ni madogo, yanakwaruza tu.

Wasiofaa kuinunua ni wale wanaovua kwenye majani mazito kwa chura wa mpira. Pale unamvuta besi pamoja na kilo kadhaa za majani, na panahitajika "Heavy" ya futi 7 na mshipi wa kusuka wa ratili 50. Mimi nikipata fedha ya ziada, fimbo ya pili itakuwa ya katikati ya hapo: futi 7, "Medium Heavy", "Fast", mshipi wa ratili 12 hadi 20, na pamba itakuwa mfukoni.