Picha za jua, nta na udongo mwekundu: tathmini ya karakana moja ya mapambo ya ukutani jijini Dodoma

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, nyumba za kupanga zimeongezeka kwa kasi katika maeneo kama Kisasa, Ilazo na Nzuguni, na nyingi kati yake zina upungufu uleule: kuta ndefu, nyeupe, zisizo na kitu isipokuwa saa na kalenda ya benki. Anayetaka kuzipamba hukuta madukani ama picha zilizochapwa kwa mashine, zenye maporomoko ya maji na maneno ya kutia moyo, ama michoro ya Tingatinga iliyosafirishwa kutoka Dar es Salaam na kupanda bei njiani. Karakana ninayoitathmini hapa inatoa njia nyingine. Unalipa shilingi 60,000, unashinda uani kwake kutwa nzima, kisha unaondoka na kazi tatu ulizozitengeneza mwenyewe kwa mbinu ambazo wengi wetu hatujawahi kuzigusa. Kwa kuwa nina lawama kadhaa, sitaitaja kwa jina. Mkazi wa Kisasa ataitambua kwa vitambaa vinavyoanikwa juu ya uzio wake kila Jumamosi.

Mbinu hizo tatu ni picha za jua, batiki ya nta na uchoraji wa rangi ya udongo. Niseme mapema kwamba hazikufundishwa kwa ubora ulio sawa, na kwamba picha za jua peke yake zilitosha kuhalalisha ada niliyolipa.

Mbinu ya picha za jua, ambayo kitaalamu huitwa sianotaipu, ilibuniwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuitumia kuchapa picha za mwani wa baharini. Karatasi nzito hupakwa mchanganyiko wa kemikali mbili zenye madini ya chuma ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, ikaachwa ikauke, na ikishakauka huwa na rangi ya manjano inayoelekea ukijani. Juu yake hupangwa majani, lesi au chochote chenye umbo la kuvutia, kisha hukandamizwa kwa kioo na kutolewa juani. Mionzi ya urujuanimno, iliyomo katika mwanga wa jua ingawa haionekani kwa macho, huzibadili kemikali zile kuwa bluu isiyoyeyuka katika maji, ilhali sehemu zilizofunikwa hubaki kama zilivyokuwa na huoshwa zikaondoka zote. Kinachobaki ni umbo jeupe juu ya bluu nzito.

Mahali palipo na jua kama la Dodoma, kazi hii haihitaji taa wala mashine yoyote, na kwa jua la saa sita mchana dakika chache zinatosha. Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye maneno machache, hatumii saa. Anautazama ukingo wa karatasi uliojitokeza nje ya kioo, ambao hugeuka kutoka manjano kuwa bluu, halafu kijivu chenye wekundu wa shaba, na hapo ndipo anapoagiza karatasi iingizwe majini. Dada mmoja aliyekuja na maua ya waridi alitaka kuyaweka hivyohivyo mabichi. “Hapana, mwanangu,” mwalimu akamwambia, “ua nene linakiinua kioo, mwanga unaingia kwa chini, na mwisho unapata doa badala ya ua.” Akampa majani ya mkwaju yaliyokandamizwa kwa siku kadhaa ndani ya kitabu, na picha iliyotoka ilionyesha kila kijijani kikiwa kimejitenga na mwenzake, pamoja na kikonyo chembamba ambacho kwa macho ya kawaida hukioni. Jani changa la mzabibu nalo lina faida yake: likiachwa juani muda mrefu kidogo, mwanga hupenya sehemu zake nyembamba, na mishipa huonekana kwa weupe uliokolea kuliko jani lenyewe.

Jambo lililonishawishi kwamba mwalimu huyu anaijua kazi yake ni ndimu. Bluu ya sianotaipu haielewani na magadi wala sabuni, na maji ya visima ya Dodoma, kama ajuavyo kila aliyewahi kusugua birika la chai hapa, yana chumvichumvi nyingi. Kwa hiyo beseni la kwanza la kuoshea hukamuliwa ndimu ili ukali wa maji upungue, na beseni la pili huwa la maji matupu. Alitueleza pia kwamba bluu hiyo huendelea kukolea kwa siku nzima baada ya kukauka, hivyo mtu asivunjike moyo akiiona imepauka jioni ile. Na kwamba picha ikichovywa katika chai ya rangi iliyochemka sana, bluu yake huzama ikawa karibu na nyeusi, huku weupe wa karatasi ukichukua rangi ya krimu. Yangu ya mkwaju niliichovya, na ndiyo iliyotundikwa sebuleni.

Lawama yangu ya kwanza inahusu karatasi zilizokwisha kupakwa dawa, ambazo huuzwa mlangoni kwa wanaotaka kuendelea nyumbani. Karatasi isiyopaswa kuona mwanga imefungwa katika mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na kupangwa juu ya meza iliyo karibu na dirisha! Pakiti niliyonunua ilikuwa na karatasi za juu zilizokwisha kuwa na ukijivu pembeni, na picha zilizotokana nazo zilitoka na ukungu mahali palipotakiwa kuwa peupe. Bahasha nyeusi, au hata gazeti lililokunjwa mara mbili, lingeondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo sana. Kijana anayeuza pale alikubali kunibadilishia bila ubishi, lakini pakiti ya pili alinitolea kwenye meza ileile.

Upande wa batiki, nasikitika kusema kwamba muda waliopanga hautoshi. Nta huchorwa juu ya kitambaa cha pamba halisi, kitambaa huzamishwa katika rangi, na penye nta hapashiki rangi. Ukitaka rangi mbili au tatu, unarudia mzunguko mzima, ukianza na rangi hafifu na kumalizia na nzito. Kazi kama hiyo haiwezi kubanwa kati ya chakula cha mchana na alasiri, hasa pale ambapo jiko la mkaa ni moja na watu wanapokezana sufuria. Wengi wetu tuliishia rangi moja. Sehemu nzuri ya somo ilikuwa ile ya kulinganisha nta zenyewe. Nta ya mishumaa ni ngumu na huvunjika kitambaa kinapokunjwa, rangi ikapenya katika nyufa na kuacha mistari myembamba ambayo wengine huipenda. Nta ya nyuki ni laini, hushika kitambaa vizuri na hulinda umbo lisiingiliwe na rangi. Mikoa ya kati ni nchi ya wafuga nyuki, na nta kutoka Manyoni hupatikana bila shida, kwa hiyo karakana huchanganya zote mbili kulingana na wingi wa nyufa ambao mtu anautaka. Ukishikilia kitambaa mbele ya dirisha baada ya nta kuondolewa kwa maji yanayochemka, nyufa hizo huonekana zikikutana na kuachana katika uwanja wote wa rangi, na hakuna vitambaa viwili vinavyofanana.

Hata hivyo, rangi wanazotumia huyeyushwa kwa kostiki soda, kemikali inayounguza ngozi, na jozi za glavu zilikuwa chache kuliko washiriki. Hilo si jambo la kuvumiliwa, hata kama mwalimu mwenyewe anachovya mikono kwa ustadi na haraka. Nta nayo iliyeyushwa juu ya moto wa moja kwa moja, ingawa sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji ingepunguza hatari ya kushika moto. Mzazi anayefikiria kumleta mtoto amlete kwa picha za jua na udongo, na kwenye batiki amweke mbali.

Rangi ya udongo ni somo fupi, rahisi na lenye kufurahisha. Udongo mwekundu huvurugwa ndani ya ndoo ya maji, mchanga ukazama, maji mekundu yakahamishiwa chombo kingine, na kile kinachotuama baadaye ndicho huchanganywa na gundi nyeupe ya seremala. Nyeupe hutokana na chokaa, nyeusi na mkaa uliosagwa. Tulichora juu ya hadibodi iliyopigwa msasa, na mwalimu akatuonyesha kwa mfano nakala za michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, yenye watu warefu wembamba na wanyama wa rangi nyekundu. Nilipenda kwamba alikataza kuinakili: kila mmoja alitakiwa kuchora kitu cha nyumbani kwake kwa ufupisho ule wa mistari. Matokeo hayakuwa mazuri sana, ila yalikuwa yetu, na wekundu wa udongo juu ya ukuta mweupe una utulivu ambao rangi ya dukani haina. Tahadhari ni moja: vumbi. Upepo wa mwezi wa saba na wa nane hauna huruma kwa kitu chochote kibichi, kwa hiyo vanishi ipakwe ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, na kazi isitolewe nje kabla haijakauka kabisa.

Fremu wanazouza hapo sizipendekezi, kwa sababu mbao zake hazikukaushwa vya kutosha, na ukavu wa Dodoma umekwisha kufungua pembe za fremu yangu. Seremala wa mtaani alinitengenezea nyingine kwa bei nafuu zaidi. Picha ya jua itundikwe kwenye ukuta usiopigwa na jua moja kwa moja. Ikififia kidogo, ikikaa gizani kwa muda rangi yake hurudi.

Nafasi hujaa mapema katika miezi ya kiangazi, na malipo hupokelewa kwa simu. Msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, ni vyema kupiga simu asubuhi ile ile, kwani kukiwa na mawingu mazito somo la picha za jua huahirishwa na hakuna anayekurudishia sehemu hiyo ya ada. Nimeambiwa kwamba wanafikiria kuitengea batiki siku yake peke yake. Nitajiandikisha, na glavu nitakwenda nazo.