Yoyo mbili za mninga, uzito uleule, mkononi vitu viwili tofauti: kazi ya fundi wa Ng'ambo, Tabora

Nina yoyo mbili mezani hapa, vile vichezeo vya visahani viwili vya kurusha kwa uzi, zote za mninga, zote kakereza fundi mmoja wa huku Ng'ambo, na nilipozipeleka kwa sonara mjini anipimie kwenye kamzani kake ka dhahabu moja ikasoma gramu 63.8 nyingine gramu 64.1. Yaani tofauti haifiki hata harage moja. Sasa mpe mtu afumbe macho arushe hii halafu arushe ile, atakwambia ya pili ni nzito sana kuliko ya kwanza, na ukimwonyesha namba za mizani anabisha. Nimewajaribu watu watano mpaka sasa, wanne wamebisha.

Nianze zilikotoka. Yoyo yangu ya kwanza ilikuwa ya plastiki, nilinunua elfu tatu dukani, ile ambayo uzi umefungwa kabisa kwenye mhimili, kile kijiti cha katikati, unarusha inashuka inagonga mwisho inarudi, basi, mchezo umeishia hapo. Na hiyo inaniuma kidogo, maana Mfilipino mmoja, Pedro Flores, alipofungua kiwanda chake Santa Barbara, California mwaka 1928 yoyo zake za mbao uzi haukufungwa, ulizungushwa tu kwenye mhimili ili ilale chini ikizunguka, leo karibu miaka mia baadaye mtoto wa Tabora anauziwa ya kufungwa fundo. Baadaye nikaagiza ya alumini kwa jamaa anayeleta mizigo kutoka China, hiyo ina beringi katikati, ukiirusha hairudi yenyewe, inalala inazunguka mpaka wewe uamue kuiita kwa kuikunjia uzi, wachezaji wanaita baindi. Hiyo ndio ikanifungua macho. Ila nikaidondosha kwenye zege ukingo ukapata jino, toka siku hiyo inatetemeka mpaka kidole kinawasha, nikabaki na beringi nzima na wazo kichwani.

Wazo lenyewe ni hili. Wacheza yoyo kila siku utawasikia hii ina uzito ukingoni, hii ina uzito katikati, na mimi nilikuwa naitikia tu bila kuijua kwa mkono wangu. Tatizo ukinunua yoyo mbili dukani vinabadilika vitu vyote kwa pamoja, umbo, upana, chuma, beringi, mpaka uzi, sasa utajuaje kipi kimeleta nini? Nilitaka mbili zinazofanana kila kitu isipokuwa mahali uzito ulipokaa.

Fundi nilielekezwa na muuza vitanda. Ni mzee mwenye mashine ya kukereza, kazi zake ni miguu ya vitanda, nguzo za ngazi na michi ya vinu. Nikafika asubuhi, mwangaluka, shikamoo mzee, akaitika marahaba mwanangu, umeleta mguu wa kitanda? Nikamtolea ile ya alumini. Akaigeuza geuza akauliza, "Hii ni pia?" Pia ile ya watoto ya kuzungusha chini. Nikamwambia ni ndugu yake pia ila yenyewe inaning'inia kwenye uzi. Akasema kama ni pia basi anaijua, wao utotoni pia ya kichwa kipana ndio ilikuwa inabaki uwanjani, nyembamba inaanza kwa fujo halafu inayumba inalala mapema. Aisee nilishangaa, maana mzee kamaliza somo zima kabla hata hajawasha mashine.

Yeye alipendekeza mpingo. Nikakataa, na sio kwa ajili ya bei tu. Mpingo ukiutupa majini unazama, uzito wake ni kama mara mbili ya mninga, kwa hiyo yoyo ya saizi ile ingekuwa jiwe la kuvunja vidole, na kubwa zaidi uzito ungekuwa umeenea kila mahali sawasawa, usingeweza kuusogeza. Mninga ni mwepesi, haupindi ovyo, na unakupa nafasi ya kuongeza uzito pale unapotaka wewe. Akarudi na wazo lingine zuri, abandike pete ya mpingo ukingoni. Hapo nilifikiria sana, lakini pete nyembamba ya mpingo isingetosha, shaba kwa ujazo uleule ni zaidi ya mara saba ya mpingo. Tukaenda na shaba.

Shaba yenyewe ni waya wa umeme wa kawaida, ule wa milimita za mraba 2.5 wanaofungia soketi, umemenywa ganda. Kila upande wa yoyo ukaingia waya wa sentimita 47, kwa yoyo nzima ni karibu gramu 21. Kwenye yoyo ya kwanza fundi alichimba mfereji kuzunguka bolti inayounganisha pande mbili, sentimita moja tu toka katikati, waya ukajikunja humo mizunguko saba na nusu. Ya pili mfereji ukaenda pembeni, sentimita mbili na nusu toka katikati, waya uleule unaingia mizunguko mitatu tu unakwisha. Mengine yote sawa: kipenyo milimita 56, upana 40, beringi ile ndogo ya saizi C yenye kipenyo cha milimita 12.7 (moja nilikuwa nayo nyingine nikaagiza), na badala ya zile pedi za kukamatia uzi nilipaka silikoni nyekundu ya mafundi magari, ikikauka inakamata vizuri tu. Uzi ni wa poliesta, nimekata usawa wa kitovu.

Sasa uchezaji.

Ya katikati ukiirusha inaondoka kama haina kitu. Kidole hakisikii mzigo, inafika chini inazunguka kwa kasi kubwa, ukiivuta ihamie upande mwingine wa uzi inafuata papo hapo, ukitaka isimame imesimama. Kwa michezo ya haraka haraka ya kuruka ruka juu ya uzi inapendeza, na nilipomfungia mpwa wangu wa miaka tisa uzi mnene ili imrudie yenyewe hakutaka kuiachia, maana mkono wake mdogo unatosha kuiamsha. Lupu pia, ile ya kuitupa mbele inarudi unaigonga tena bila kuidaka, hii ndio inayokubali, inageuka kirahisi. Lakini sasa ndio hapo hapo inapokuangusha. Ukikosea kidogo tu kuirusha ikatoka imelala upande, inaendelea kulala, inageuka geuka mpaka unakuwa unacheza umejipinda kuifuata. Na ukiweka uzi tabaka mbili tatu ndani ya mwanya ulio kati ya pande mbili, uzi ukagusa ukuta, unausikia mwendo unaisha kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, ukifika katikati ya trapizi ngumu, ile ya kuitua yoyo juu ya uzi, imeshakufa.

Ya ukingoni ni mnyama mwingine. Kwanza inadai mkono, ukiirusha kwa mazoea ya ile nyepesi inashuka kivivu, inabidi ufunge kiwiko na uitume kwa nguvu. Ikishawaka lakini, mmh. Inakaa wima pale chini kama imepigiliwa msumari hewani, unaigusa na uzi haiyumbi, unaikosea kidogo inakusamehe, unapanga uzi bila papara. Unapoisogeza kushoto kulia unasikia inakuvuta, ina taratibu yake, huwezi kuiharakisha, na ndio maana wengi wanaamini ni nzito zaidi. Nilizipima kwa saa ya simu, mrusho mmoja mmoja bila kuigusa, mara kumi kila moja: ya katikati mrusho bora ulilala dakika 1 na sekunde 5, ya ukingoni dakika 1 na sekunde 50. Mkono ni uleule, uzi uleule, uwanja uleule chini ya mwembe.

Hesabu yake sio ngumu na mimi napenda mtu aielewe maana ndio roho ya jambo lenyewe. Kitu kinachozunguka kinakataa kubadilishwa mwendo kulingana na uzito wake mara umbali toka katikati, na huo umbali unazidishwa kwa wenyewe. Waya wangu kwenye sentimita moja, moja mara moja ni moja. Kwenye sentimita mbili na nusu, mbili na nusu mara mbili na nusu ni 6.25. Kwa hiyo gramu zilezile za shaba, kwa kuhamishwa sentimita moja na nusu tu, zimekuwa na ubishi mara sita na zaidi. Ukiongeza mbao yenyewe ambayo haikuhama tofauti inashuka, kwa makadirio yangu yoyo nzima inabaki chini kidogo ya mara mbili, na ukiangalia zile sekunde za simu ndio picha hiyo hiyo. Waendesha baiskeli wa hapa mjini wanaijua hii bila kalamu, gurudumu lenye rimu nzito na tairi nene linasumbua kuondoka lakini likishashika mwendo linakubeba, wakati mzigo huo huo ungeuweka kwenye habu katikati miguu isingeusikia kiasi hicho wakati wa kuondoka.

Ndio maana zile yoyo za bei kali za siku hizi wanatengeneza mwili wa alumini halafu pembeni wanavisha pete ya chuma cha pua. Alumini ni gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, chuma cha pua kinakaribia 8, kwa hiyo wanapunguza nyama katikati wanaipeleka ukingoni na yoyo nzima inabaki kwenye gramu 60 na kitu zilezile. Kwa hiyo wewe mnunuzi ukiona tangazo limeandikwa gramu 65 tu, hujaambiwa kitu. Angalia picha, imechimbwa wapi, imebaki nene wapi.

Kasoro za kazi ya fundi sizifichi. Ya ukingoni ya kwanza kabisa ilipasuka. Mfereji ulikuwa karibu mno na ukingo, mbao ya nje ikabaki milimita moja, ikaanguka mara moja sakafuni ikatoka kipande na waya ukachomoza kama mwiba. Hiyo ni hatari, waya wa shaba ukichomoka wakati inazunguka unaweza kukuchana mkono. Fundi hakubisha, alikereza nyingine bure, akasogeza mfereji ndani kidogo, na safari hii akaumwagia gundi ya kuchanganya mpaka ukazama kabisa. Kasoro ya pili ni kutetemeka. Ncha mbili za waya zilipandana kama nusu ya ukucha, huwezi kuamini kipande kidogo vile kikiwa kule pembeni kinavyoisumbua yoyo nzima, kidole kilikuwa kinasikia umeme. Nikakaa nayo jioni nzima na tupa, nikakata ncha mpaka zikakutana bila kupandana, mtetemo ukapungua karibu wote. Kwenye yoyo ya katikati ni nusu mzunguko mzima uliozidi upande mmoja, lakini kwa kuwa uko jirani na bolti mkono unasikia kidogo tu. Yaani ukingo hausamehi uzembe, kila kosa huko linakuzwa kama faida inavyokuzwa.

Kitu kingine, mbao na masika. Tabora mvua zikianza mninga unakunywa unyevu, kwa hiyo nilizipiga vanishi mikono mitatu ndani na nje, mkipeleka kazi mwambieni fundi asiache mfereji mkavu bila vanishi kabla ya kuweka waya.

Bei alinitoza 15,000 kwa moja, waya na beringi juu yangu. Muda alisema siku tatu ikawa siku nane, maana alikuwa na oda ya vitanda, sina kinyongo, kazi ya kitanda ndio inayomlisha. Ukienda usiende na maneno matupu, nenda na mchoro wenye vipimo, halafu mwonyeshe kabisa kwa kidole uzito unautaka wapi, na mwombe vipande vya pande zote mbili avitoe kwenye ubao mmoja, vipande vinavyofuatana, la sivyo upande mmoja unakuwa mzito kuliko mwenzake na yoyo inainama yenyewe kabla hujafanya chochote.

Kwa anayeuliza achukue ipi: mtoto au mtu anayetaka irudi mkononi na kupiga lupu, ya katikati, usimbebeshe ya ukingoni atachoka siku ya pili aache. Anayetaka kujifunza michezo ya uzi, trapizi na ndugu zake, achukue ya ukingoni bila kufikiria mara mbili, kwa sababu anayejifunza anahitaji muda, na ukingo ndio unaompa muda. Mimi mwenyewe mwezi mzima nimecheza ya ukingoni na naipenda, ila kuna michezo mkono unaikumbuka ile nyingine, ule wepesi wake wa kukata kona.

Kwa hiyo jana nimerudi Ng'ambo na mchoro wa tatu. Waya uleule sentimita 47 kila upande, mizunguko miwili kamili ukingoni, kilichobaki kinarudi kuzunguka bolti. Mzee kauangalia kasema hii sasa ni pia ya mtu mzima, njoo Jumamosi.