Maombi ya lanchi Kisumu, mi nawapa nne kwa tano

Kama unafanya kazi tao na uko na haja ya kumwambia Mungu, hii feloshipu ya lanchi hapa karibu na Oginga Odinga Street iko sawa, unaingia saa saba, kabla saa nane umetoka, na hakuna mtu anakuitisha pesa ya "mbegu" ndio uombewe (hiyo pekee inatosha nyota mbili). Kile kilinibamba ni vile wanaanza na shukrani, Wafilipi 4:6, halafu wanakuacha utaje shida yako wazi, iwe renti, karo ama kazi, bila kuzungusha maneno mob juu Mathayo 6:8 inasema Baba anajua tayari. Lakini hiyo spika aki, punguzeni! Viti pia ni vichache, fika mapema.